Kulala mji wa kale ugenini: hatari iko wapi hasa?

Novemba 2025 familia ya watu wanne kutoka Ujerumani, baba, mama na watoto wawili wadogo, ilifikia hoteli ndogo katika wilaya ya Fatih, upande wa kale wa Istanbul. Siku chache baadaye wote wanne walikuwa wamefariki. Lawama ya kwanza iliangukia chakula cha barabarani, na wachuuzi wakakamatwa. Kisha wageni wengine wa hoteli ileile nao wakakimbizwa hospitali, na wachunguzi wakageuza macho: chumba kimoja cha chini kilikuwa kimepigwa dawa ya kunguni, na hewa ya dawa hiyo ndiyo ikashukiwa kupanda hadi kwenye chumba cha familia ile.

Kwa Kampala kisa hiki hakiko mbali. Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla ambako wafanyabiashara wetu wa masoko ya Kikuubo na Owino huenda kufunga mizigo, umo ndani ya Fatih hiyohiyo. Wengi hulala palepale, hatua chache kutoka dukani, kwa sababu vyumba ni nafuu na watu wa kago wako jirani. Ndiyo maana mazungumzo yalipamba moto, na yakachanganyika vibaya. Yupo aliyesema tatizo ni kula ovyo. Yupo aliyesema mji wa kale wowote ni pango la wezi, bora ulale hoteli mpya nje ya mji. Na yupo aliyejibu kwamba eneo lile ni urithi wa dunia, linalindwa na UNESCO, kwa hiyo hakuna cha kuogopa.

Nadhani wote watatu wanaangalia pasipo. Mgeni anayelala mji wa kale huogopa kichochoro, na kichochoro mara nyingi hakina neno. Kinachotaka kukaguliwa ni nyumba anayolala: ngazi yake, dari yake, hewa yake na karatasi zake. Tuanze mwanzo.

Mji wa kale ni nini, na urithi wa dunia unalinda nini

Mji wa kale ni ile sehemu ya jiji iliyojengwa kabla ya gari kuwapo. Nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na njia zilipimwa kwa upana wa punda na hamali. Mji Mkongwe wa Unguja ni hivyo, Mji wa Kale wa Mombasa ni hivyo, Lamu, medina ya Fes kule Moroko, Cairo ya zamani, Al-Balad ya Jeddah, na mitaa ya Sultanahmet na Laleli kule Istanbul. Kwa sisi wa Uganda, Mombasa na Unguja ndizo zilizo karibu: ya kwanza unaifikia kwa basi kupitia Busia au Malaba, ya pili watu hushukia Dar es Salaam kisha wakapanda boti.

Urithi wa dunia ni orodha ya UNESCO. Fes iliingia mwaka 1981, maeneo ya kihistoria ya Istanbul 1985, Mji Mkongwe 2000, Lamu 2001. Mombasa huwachanganya wengi: kilichoorodheshwa, mwaka 2011, ni ngome ya Fort Jesus. Mtaa wa makazi ulioizunguka, ambako ndiko zilipo gesti, haumo kwenye orodha hiyo.

Hata ungekuwamo, ungepata nini? Orodha ile inalinda sura ya mji. Mwenye nyumba hatakiwi kubomoa roshani ya mbao, kung'oa mlango wa nakshi au kuongeza ghorofa. Haisemi kitu kuhusu king'ora cha moshi chumbani kwako, wala haimtumi mtu kuja kukagua waya za umeme. Wakati mwingine ulinzi huo wenyewe unakaza mambo: mwenye nyumba anayetaka kufunga ngazi ya chuma ya dharura nje ya ukuta anaweza kuambiwa kwamba ataharibu sura ya mtaa. Sisi hatuhitaji mfano wa mbali. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, yaliingia kwenye orodha mwaka 2001, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba yake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea Kampala ikitazama. Iliwachukua waliohusika hadi 2023 kulitoa eneo lile kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jina kubwa halikuzuia moto.

Malazi yenyewe yako ya namna tatu. Kuna hoteli iliyofunguliwa ndani ya nyumba ya tajiri wa zamani, kama zile nyumba za Moroko zenye ua katikati wanazoziita riad. Kuna gesti za kawaida, vyumba sita au kumi juu ya duka. Na kuna chumba au fleti ya mtu binafsi iliyotangazwa kwenye programu ya simu. Hii ya tatu ndiyo inayokua haraka, ndiyo mara nyingi ya bei nafuu, na ndiyo inayoangaliwa na macho machache kuliko zote. Usiku hakuna mtu wa mapokezi, hakuna mlinzi, na mwenyewe huenda anaishi mji mwingine.

Nyumba ya mawe ya matumbawe

Nyumba za zamani za pwani yetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko. Ukiingia chumba cha Mji Mkongwe ukakiona kirefu lakini chembamba, sababu ni hiyo: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nyumba ya namna hii hupumua. Maji yakiingia ukutani hutoka taratibu kupitia chokaa. Shida huanza pale mtu anapopiga saruji juu ya chokaa ili ukuta ung'ae na kupendeza kwenye picha. Maji yananaswa ndani, chokaa inageuka unga, na ncha za boriti zilizozamishwa ukutani zinaoza pasipo kuonekana.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 lililokuwa alama ya Zanzibar kwa kila msafiri wa boti, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kama jumba la fahari la serikali liliweza kuanguka, usidhani gesti ya uchochoroni ina kinga ya ziada.

Mgeni si fundi, lakini dari inasomeka. Lala chali kitandani kabla hujafungua begi, utazame juu. Boriti nzima ina rangi moja kutoka ncha hadi ncha. Ukiona alama ya maji kama ramani, ya kahawia yenye ukingo mweusi, pale boriti inapoingia ukutani, jua kuna mvuja, na mvuja wa ncha ni mbaya kuliko wa katikati. Ukiona unga laini wa mbao umejikusanya kwenye chandarua au juu ya mto, dumuzi wako kazini. Boriti iliyopinda ikashuka kuliko wenzake imechoka. Ukutani, gonga kwa kiwiko cha kidole sehemu iliyovimba: ikilia tupu, lipu imeachana na jiwe na siku moja itashuka kwa kipande. Hapo hakuna haja ya kugombana na mtu. Omba chumba kingine, kitanda kisiwe chini ya mahali pale.

Roshani za mbao nazo zinapendeza sana, hasa jioni. Picha yako moja itatosha. Usiegemee ukingo, na msikusanyike watano hapo.

Ngazi moja, mlango mmoja

Moto ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, kwa kuwa ndiko mji wa kale unakotofautiana kweli na hoteli ya barabara kuu. Nyumba ya kale ina ngazi moja, ya mbao au ya mawe iliyopanda wima, na ngazi hiyo hufanya kazi ya bomba la moshi. Moto ukianza jikoni chini, moshi unafika ghorofa ya tatu kabla ya kelele. Na katika moto wa nyumba, moshi huua watu wengi kuliko ndimi zenyewe.

Kisha gari la zimamoto. Njia ambayo mkokoteni unapita kwa kubana haitapitisha gari lenye ngazi ndefu. Askari wa zimamoto watalazimika kuliacha kwenye barabara pana na kuvuta mipira kwa miguu, kona baada ya kona. Hivyo ushauri unaotolewa kwa hoteli za kisasa, kwamba ukae chumbani na kusubiri kuokolewa dirishani, huku unapungua nguvu. Uokoaji wako unaanza na wewe kujua njia ya pili.

Njia ya pili inaweza kuwa paa. Nyumba za medina na za Mji Mkongwe zina mapaa yanayokaribiana au kugusana, na gesti nyingi zina mkahawa juu. Lakini paa lina faida kama mlango wake haufungwi usiku kwa kufuli. Panda ukajaribu mwenyewe. Muulize wa mapokezi waziwazi: usiku mnaufunga? Ufunguo unakaa wapi? Akijibu kwamba ufunguo anao meneja nyumbani kwake, umeshapata jibu la swali kubwa zaidi ulilokuja nalo.

Vivyo hivyo kwa mlango wa mbele. Gesti nyingi za kale bado zina ule mlango mzito wenye komeo la chuma, nao hufungwa baada ya saa sita usiku ili wezi wasiingie. Mlinzi akilala fofofo au akitoka kidogo kununua sigara, wageni wamefungiwa. Na madirisha yana nondo. Uganda tumezika watoto waliokufa kwenye mabweni yenye milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo, halafu mzazi yuleyule anayekagua bweni la mwanawe anafika ugenini na kufurahia nondo kwa sababu "zinazuia wezi". Chumba chenye nondo dirisha zima, bila kipande kinachofunguka kwa ndani, kikatae kama unaweza. Kama huwezi, basi ujue kwamba mlango wako ndio njia yako pekee, na ufunguo uuache kwenye tundu lake au juu ya viatu vyako, kamwe usiwe ndani ya begi lenye zipu tatu.

Ghorofa gani basi? Ya chini kabisa ni rahisi kuingiliwa kutoka nje. Ya juu kabisa ni mbali na mlango. Mimi husema ya kwanza au ya pili, upande wa njia. Watu hupenda chumba cha juu kwa ajili ya upepo na mandhari ya bahari, na siwalaumu, ila walipe bei hiyo wakijua.

King'ora cha moshi ni kile kisahani cheupe darini chenye kitaa kidogo. Kikiwa hakipo, au kimefunikwa mfuko wa plastiki kwa sababu wageni huvuta sigara, hilo nalo ni jibu. Januari 2025 hoteli moja ya milimani kule Kartalkaya, Uturuki, iliungua alfajiri na kuua watu 78. Haikuwa nyumba ya kale hata kidogo. Walionusurika walisema hawakusikia king'ora chochote. Nimeitaja ili kuwajibu wanaosema hoteli mpya nje ya mji ndiyo dawa: upya wa jengo hausemi kitu mpaka uone vifaa vyake vinafanya kazi.

Ukiamka ukasikia harufu ya moshi, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa baridi, toka ukiwa umeinama na uufunge nyuma yako. Ukiwa wa moto, usiufungue: ziba mwanya wa chini kwa taulo iliyoloa, fungua dirisha, piga kelele na simu. Uturuki namba ni 112 kwa kila kitu. Tanzania zimamoto ni 114 na polisi 112. Kenya ni 999 au 112. Ziandike kabla, na chini yake andika jina la mtaa na alama iliyo karibu, msikiti, kisima au shule, kwa kuwa namba ya nyumba haitamsaidia mtu katika mitaa hiyo.

Hewa usiyoiona

Turudi Istanbul. Dawa iliyotajwa kwenye uchunguzi ule ni jamii ya vidonge ambavyo wakulima wetu wanavijua vizuri, vile vinavyowekwa kwenye ghala la mahindi au maharagwe kuzuia dumuzi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Ndani ya ghala lililofungwa kazi yake ni nzuri. Ndani ya nyumba wanamolala watu ni sumu isiyochagua, na haina dawa ya kuifuta mwilini. Baadhi huisikia kama harufu ya kitunguu saumu au samaki walioharibika, wengine hawaisikii kabisa.

Kwa nini ilihama kutoka chumba kimoja hadi kingine? Hapa ndipo ukale unapoingia. Majengo ya mitaa hiyo yamekatwakatwa mara nyingi: nyumba ya familia ikawa stoo, stoo ikawa hoteli, chumba kikagawanywa kikawa viwili na choo kikachongwa pembeni. Mabomba na mashimo ya hewa ya bafuni hupita kwenye mifereji ya pamoja. Ukuta unaouona mzima una nyufa nyuma ya kabati. Mlango uliofungwa kwa ufunguo hauizuii gesi.

Gesi ya pili ni ya kila siku zaidi: kaboni monoksaidi. Kila mtu wa Kampala anajua habari ya sigiri ya mkaa iliyoingizwa ndani usiku wa mvua, dirisha likafungwa, na asubuhi watu hawakuamka. Hita ya gesi inayochemsha maji ndani ya bafu lisilo na dirisha, katika fleti ya Cairo au ya Fes, ni sigiri ileile iliyovaa bati jeupe. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Mgeni hudhani ni safari au chakula. Kipimo rahisi ni hiki: kama wawili au watatu mliomo chumba kimoja mnaumwa kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni wote na msirudi kuchukua hata viatu.

Kipimo cha mashine pia kipo. Ni kidude kidogo cha betri, kinatosha kwenye mfuko wa begi, na kinalia hewa hiyo ikizidi. Kwa mtu anayesafiri mara nne kwa mwaka kununua mzigo, bei yake haifiki hata ya kilo chache za kago. Lakini kielewe: kinapima kaboni monoksaidi, hakitakuonya juu ya dawa ya kunguni.

Kwa dawa, kinga ni kuuliza na pua. Muulize wa mapokezi kama wiki hii wamepiga dawa chumba chochote, kisha tazama: milango iliyobandikwa utepe wa gundi pembezoni, harufu kali isiyo ya sabuni, kunguni au mende waliokufa wamelala chali korido nzima. Ukikuta hivyo usikubali kuhamishiwa chumba cha jirani. Hama nyumba. Pesa ya usiku mmoja utaidai kesho ukiwa hai. Na ukianza kutapika ugenini, mwambie daktari ulikolala pamoja na ulichokula, maana akisikia chakula peke yake atakutibu chakula.

Vichochoro, papasi na polisi wa bandia

Sasa yale ambayo kila mtu huanza nayo. Kichochoro cha mji wa kale kinatisha kwa sababu ni chembamba na kina giza, ila wenye mji wanaishi humo. Mji Mkongwe jioni kuna wazee barazani wanacheza bao, watoto wanarudi madrasa, mama anauza urojo mlangoni. Mgeni anayepita kwa salamu huonwa na macho ishirini, nayo ni ulinzi. Hapo sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ambayo Mzungu hana: "Shikamoo mzee, naulizia njia ya Forodhani" inafungua mlango, na mzee atamtuma mjukuu akusindikize. Kiswahili chetu cha Uganda kitachekwa kidogo, hakuna ubaya.

Kinachobadilika ni saa. Baraza zikishaondoka watu, tuseme baada ya saa tano usiku, njia ileile inakuwa haina shahidi. Hapo pita barabara pana hata kama ni ndefu, au mwombe mlinzi wa gesti akupokee kwenye kona. Simu iwe mfukoni: ramani za simu hukosea mno katika njia za kubana, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta na kurudi, na mtu anayezunguka na kioo kinachomulika uso wake anatangaza mambo mawili kwa pamoja, kwamba amepotea na kwamba ana simu nzuri. Mchana tembea njia yako mara mbili ukishika alama: mlango wa buluu, kisima, duka la ushonaji.

Wizi mwingi wa wageni hautokei gizani. Hutokea mchana kwenye msongamano: sokoni Darajani kule Unguja, kwenye tramu na vivuko vya Istanbul, kwenye milango ya masoko ya Fes. Mkono mmoja unakupa kitu, mwingine uko mfukoni mwako.

Papasi wa Zanzibar, wale vijana wanaomvamia mgeni bandarini, wengi wanatafuta kamisheni tu, nao wako kila mji wa kale duniani. Hatari yao ni nyumba wanakokupeleka. Usifuate mtu anayekwambia kwamba gesti uliyolipia imefungwa, imeungua au imehamia. Piga simu gesti yenyewe, ukiwa umesimama hapohapo.

Polisi wa bandia ni jambo zito zaidi, na kule Istanbul wafanyabiashara wenye dola taslimu ndio wanaowindwa. Anakuja mtu aliyevaa kiraia, anaonyesha kitambulisho haraka, anadai kuna noti bandia na anataka kuhesabu zako. Polisi wa kweli anaweza kuomba pasipoti, na umpe. Lakini hana haja ya kuzihesabu dola zako barabarani. Mwambie twende kituoni au twende mapokezi ya hoteli, kwa sauti ya kusikika na watu wa duka. Wa kweli atakubali.

Mwanamke anayesafiri peke yake anahitaji jambo moja zaidi, nalo dogo: kabari ya mpira ya kuweka chini ya mlango kwa ndani. Milango ya kale ina vitasa ambavyo funguo zake zimepita mikono mingi.

Karatasi na malipo

Uturuki hoteli inatakiwa kumwandikisha kila mgeni na taarifa kufika polisi, na tangu 1 Januari 2024 mwenye fleti anayekodisha kwa muda usiozidi siku 100 lazima awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao chake kibandikwe mlangoni. Wengi wetu hufurahi wanapopata chumba "kisicho na maswali mengi". Chumba hicho kina maana kwamba usiku wa moto hakuna orodha yenye jina lako, na polisi wakipita kukagua wageni, anayejieleza ni wewe. Kutoulizwa pasipoti ni dosari ya kwanza kabisa ya chumba.

Kuingia Kenya, Mganda anatumia kitambulisho cha taifa. Tanzania inataka pasipoti, na ukishuka boti Unguja utaionyesha tena ingawa ulishagongewa muhuri mpakani Mutukula. Ukiisha kufika, pasipoti ikae kwenye sefu ya mapokezi au nguo ya ndani kutegemea sheria ya nchi: Uturuki utembee nayo, kwa sababu ukaguzi wa mitaani upo. Nakala iwe kwenye simu, na nyingine kwa mtu wa nyumbani.

Malipo yapite kwenye programu uliyokodia. Mwenyeji anayekuomba uifute nafasi na umtumie pesa moja kwa moja kwa simu ili akupunguzie asilimia kumi, anakuomba uache kila kinga uliyonayo. Pesa ikishatumwa na kutolewa, hakuna wa kuirudisha. Kuna ujanja mwingine wa kisasa: ujumbe unaokuja ndani ya programu ileile, kwa jina la hoteli ileile, ukitaka uhakikishe kadi yako kwenye kiungo fulani. Akaunti ya hoteli imeshatekwa na matapeli. Usibonyeze. Piga namba ya hoteli iliyo kwenye tovuti yao na uwaulize.

Mwisho ni ubalozi, ambao watu huukumbuka wakiwa tayari wameibiwa. Ubalozi wa Uganda nchini Uturuki uko Ankara, safari ya saa kadhaa kutoka Laleli. Mombasa kuna ofisi ya ubalozi mdogo. Kwa Zanzibar utawategemea walioko Dar es Salaam. Popote ulipo, ukipoteza pasipoti anza na kituo cha polisi cha mtaa huo na usiondoke bila karatasi yenye muhuri na tarehe, hata wakikwambia urudi Jumatatu, kwa kuwa kwa kawaida jambo la kwanza utakaloulizwa ubalozini ni hiyo karatasi.